Ngazi ya Chaza

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya gati Jumatatu asubuhi, na ilipotimia saa nne kila anayekula kwa maji yale alikuwa ameisoma au amesomewa. Kuanzia mwaka huu, ilisema, kila mzamiaji anayesugua matumbo ya mashua awe na ngazi iliyofungwa imara kwenye chombo chake. Siku ya ukaguzi atashuka majini kisha atarudi chomboni mwenyewe, bila kushikwa wala kuvutwa na mtu. Atakayeshindwa hatagongewa muhuri kwenye kibali, na mashua anazozihudumia zitagawiwa wengine hadi ukaguzi wa mwakani. Ukaguzi ulikuwa Jumamosi.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya, na sitaki kuisingizia. Mwezi uliotangulia mzamiaji mmoja alikutwa akielea ubavuni mwa mashua yake mwenyewe. Hakufa kwa kushindwa kuogelea. Alikufa kwa kushindwa kupanda, na rangi ya ubavu ule ilikuwa na mikwaruzo ya kucha zake. Ofisi ikaona haya, ikaandika karatasi. Kwa hiyo karatasi ile iliandikwa ili watu kama Chaza wasife, na Chaza aliisoma mara mbili akiwa amesimama palepale mlangoni.

Chaza ni jina alilopewa hapo gatini, kwa sababu akishajibandika kwenye tumbo la mashua habanduki mpaka liwe safi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mke, mama mzazi, mashua ndogo ya tanga moja, na bega la kulia lililokufa.

Nyumbani alikaa kwenye kiti, na mkewe akaja kumvua shati kama walivyozoea tangu bega liharibike: kwanza mkono wa kushoto, kisha shingo, kisha ule wa kulia polepole, kama unavyomvua mtoto aliyelala.

"Mwanaume mzima anavuliwa shati," mama yake alisema kutoka kitandani kwake, pale kwenye pembe ya sebule chini ya dirisha. "Ningejua, ningezaa msichana."

"Mama, bega linauma."

"Najua linauma. Ninachouliza ni kwa nini watu wengine hawajui."

Hawakujua kwa sababu Chaza hakutaka wajue. Kwa miezi mitano sasa alikuwa akitoka na mkewe kila asubuhi kwenye ile mashua. Yeye alizama na kusugua kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza, mke alimkamata mkanda wa kiunoni kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akamwingiza ndani kama gunia la mkaa. Walifanya hivyo upande usioonekana kutoka gatini. Wenzake walimtania kwamba bwana harusi amezidiwa, hawezi kukaa saa mbili bila bibi harusi wake, naye alicheka pamoja nao. Bora wamcheke kwa mapenzi kuliko wamwonee huruma kwa bega. Mzamiaji akishajulikana kuwa mgonjwa, wenye mashua humsalimia kwa heshima zote na kumpa kazi mwingine.

Alimsomea mkewe karatasi kwa kichwa, maana alikuwa ameishika yote.

"Basi tupate ngazi," mke alisema. "Shida yako si kuogelea. Shida yako ni kupanda. Ukiwa na ngazi utapanda kama watu wanavyopanda ghorofani. Mdogo wangu anachomelea chuma, tunataka nini kingine?"

"Shemeji asijue habari ya bega."

"Mume wangu, yule ni damu yangu."

"Ndiyo maana. Siku ya harusi alinishika mkono akasema, dada yangu nakukabidhi wewe. Leo nimwendee nimwambie dada yako ndiye ananibeba?"

Mama yake alijigeuza kitandani, akaangalia ukutani. "Kaburini pia utakwenda na siri zako," alisema, "na sisi tutabaki na ngazi."

*

Karakana ya mchomeleaji ilikuwa kibanda cha mabati chenye milango ya watu, madirisha ya watu na mageti ya watu yakisubiri wenyewe. Alimpokea dada yake kwa furaha, akafuta kiti kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kiti.

"Ngazi ya mashua? Hiyo bure, dada. Nina mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yalibaki kwenye kazi ya hospitali. Nani atakuwa anaipanda?"

"Shemeji yako. Nani mwingine?"

"Nauliza kwa sababu ngazi ni kama kiatu. Nikijua mguu, najua nikate vipi. Mzima mzima? Magoti? Mgongo? Watu wa umri wake hawakosi kitu."

Mke alitazama cheche zilizokuwa zikiruka kwenye kibanda cha jirani. Neno lilimfika kooni. Alimwona mumewe amekaa kwenye kiti akinyoosha mkono mmoja asaidiwe kuvaa, na akaona kwamba kulisema lile neno ni kumvua nguo mbele ya mtu.

"Mzima," alisema. "Ana nguvu kukuzidi wewe."

"Haya, nitamtengenezea ya kijeshi."

Ijumaa mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu, imesimamishwa juu ya matairi ya lori, na mchomeleaji akaja na ngazi begani. Ilikuwa kitu kizuri, lazima isemwe. Ilikuwa na vidato vinne, mabomba yaliyong'arishwa mpaka mtu anajiona, na bawaba katikati ili nusu ya chini ikunjwe juu mashua ikiwa safarini. Chaza aliipitishia kidole, akajisikia moyo ukimtulia. Kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

Waliishikiza kwenye ubao wa nyuma wa mashua, kando ya usukani. Mchomeleaji akarudi hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Shem, njoo utazame. Ubao wako huu umelala. Juu umetoka nje, chini umeingia. Ngazi ikiufuata, na yenyewe chini itaingia chini ya mashua. Mtu akiwa majini, miguu yake itakwenda chini ya mashua na mgongo utalalia maji. Atakuwa ananing'inia kwa mikono."

"Sasa inakuwaje?" mke aliuliza haraka.

"Kwa mtu mwenye mikono si kitu, anajivuta mara moja yuko ndani. Angekuwa mgonjwa au mtoto ningeweka miguu miwili hapa chini, iegemee ubao na kuisukuma ngazi nje kiasi, na juu nimwekee mshikio mrefu. Ila itatokeza kama pua, itamkera kila siku. Wewe unasemaje, shem?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yao. Mke alimtazama mumewe. Alimtazama kwa macho yaliyokuwa yakisema kila kitu, naye Chaza aliyaona, akayaelewa, akayakwepa. Fundi alikuwa amesimama na chaki mkononi. Ilihitajika sentensi moja tu, tena fupi.

"Iache ifuate ubao," Chaza alisema. "Pua ya nini? Mimi si mgonjwa."

"Nilijua tu!" Mchomeleaji akacheka, akaweka alama kwa chaki.

Walitoboa matundu manane kwa drili. Ndani ya mashua mke alilala kifudifudi kwenye nafasi finyu ya nyuma, akaweka kipande cha ubao mgumu ili bolti zisije zikaula ubao wa mashua. Akashika nati moja moja kwa spana huku mdogo wake akikaza kwa nje. Silikoni nyeupe ilijitokeza kila kwenye tundu, akaifuta kwa kidole. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kwa sababu hakutaka kufikiri.

Walipoirudisha majini ilikuwa alasiri. "Haya shem, zama tuione," mchomeleaji akasema.

"Nina mafua. Nitazama kesho."

"Mzamiaji ana mafua!" Akavua shati na viatu, akaruka mwenyewe na suruali yake, akashika ngazi, na kabla hujahesabu tatu alikuwa amesimama ndani ya mashua akitiririka maji na kujipiga kifua. Ngazi haikulia wala kutikisika. Chaza alimpigia makofi kwa kugonga paja kwa mkono wa kushoto.

Njiani kurudi mke alimshika kiwiko cha mkono. "Turudi baadaye, sisi wawili, ujaribu."

"Watatuona."

"Basi nimwambie leo jioni aje aweke hiyo miguu."

"Mke wangu, umemwona alivyopanda? Ngazi ni nzuri. Nitajikaza kisabuni dakika moja tu. Dakika moja, halafu mwaka mzima tumepumzika."

Alikuwa akimwomba, si kumwamuru, na ndiyo maana mke hakwenda kwa mdogo wake. Hilo alikuja kujilaumu kwalo kuliko lile la karakana.

*

Jumamosi wazamiaji tisa walikuwa wamepanga mashua zao kandokando ya gati. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na ubao wa kuandikia, mpole, asiyepaza sauti. Watu walikuwa wamejaa gatini kama kwenye mechi. Wa kwanza alipanda akapigiwa makofi. Wa pili aliteleza, akapanda, akazomewa kwa upendo. Wa tatu ngazi yake iling'oka na bolti zake, akaambiwa aifunge upya hapo hapo, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Wa nne."

Mkaguzi aliingia katika mashua ya Chaza, akaishika ngazi, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Akatazama bolti, akainama kuona ule ubao wa ndani.

"Nani amefunga hii?"

"Shemeji yangu."

"Hii ndiyo ngazi," aliwaambia watu wa gatini. "Njooni mjifunze hapa." Kisha akamgeukia mke. "Mama, wewe utakaa pale mbele. Mikono iwe juu ya magoti. Ukimgusa, nitalazimika kuandika."

Mke akakaa, mikono juu ya magoti. Chaza akashuka majini na shati lake mwilini.

Alifika kwenye kidato cha chini bila taabu, akaweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akashika bomba kwa mkono mzima, ule mwingine akaushikiza tu kwenye bomba la pili ili uonekane. Akavuta. Nyuma ya mashua ikadidimia kwa uzito wake, miguu ikateleza kwenda chini ya mashua, mgongo ukalala juu ya maji. Akawa anatazama mbingu, ananing'inia kwa mkono mmoja.

"Chaza, unaota jua?" mtu alipiga kelele, na gati likacheka.

Akacheka naye. Akarudi chini, akapumua, akavuta tena. Safari hii alifika kidato cha pili, uso ukapanda juu ya ubao, na mkewe akayaona macho yake. Yalikuwa mekundu kwa maji. Mkono wa kulia uliachia, ukaanguka pembeni. Akazunguka upande upande kama mlango ulioachwa wazi, akagonga usukani kwa shavu.

Gatini kicheko kikapungua. Kisha kikaisha.

"Chukua muda wako, baba," mkaguzi alisema. "Hakuna haraka."

Pengine lile ndilo lililomuumiza zaidi, kule kuambiwa kwa upole mbele ya watu. Alijaribu mara ya tatu. Mara ya nne hakupandisha hata kifua. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimegeuka vyeupe kwenye bomba lililong'arishwa. Mke alikaa mikono juu ya magoti. Alikuwa amezishika kanga zake kwa nguvu hata kucha zilipenya kwenye ngozi, na midomo yake ilikuwa ikihesabu bila sauti, sijui alikuwa akihesabu nini.

"Mke wangu," Chaza alisema kwa sauti ndogo.

"Nipo."

"Nivute."

Akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatazama ubao wake wa kuandikia. Mke akainuka, akaenda nyuma mwa mashua, akapiga magoti, akaingiza mikono yake miwili kwenye mkanda wa mumewe na kuegemea nyuma. Alifanya kazi ile kwa ustadi. Kila aliyekuwa gatini aliona kwamba haikuwa mara yake ya kwanza, wala ya kumi.

Chaza alilala kwenye sakafu ya mashua akihema. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Mkaguzi aliandika mstari mmoja, akafunga kalamu. "Pole sana," alisema, na alimaanisha. Kisha akaita wa tano.

*

Walipofika tu nyumbani, mchomeleaji naye akafika, amekunja uso. Alikuwa amesikia tu kwamba shemeji yake ameshindwa.

"Ngazi imefanya nini? Imelegea? Niambieni."

"Ngazi yako haina kosa," Chaza alisema. Alikuwa kwenye kiti, bado na shati lililolowa, kwa kuwa mbele ya mgeni hakuweza kuvuliwa. "Wana chuki zao tu wale watu wa ofisi."

"Chuki? Basi Jumatatu nakwenda mimi! Nitamwambia yule mama mbele ya watu wake wote, shemeji yangu ananishinda hata mimi kwa nguvu. Wampime tena!"

"Usiende," mke alisema.

"Naenda!"

"Mwambie shemeji yako ainue mkono," alisema mama mtu kutoka kitandani. "Wa kulia. Ainue afike hapa tu, sikioni. Akiinua, nendeni wote, hata mimi nibebeni twende."

Mchomeleaji alicheka, akangoja na wao wacheke. Akamtazama shemeji yake. Chaza aliinua mkono. Ulifika usawa wa titi, ukatetemeka hapo, akaushusha.

Mchomeleaji alikaa ukingoni mwa kitanda cha bibi kizee, akaweka mikono kati ya magoti.

"Nilikuuliza, dada," alisema. "Nilikuuliza, na wewe shem nikakuuliza. Kazi yenyewe ilikuwa ni ya saa moja tu."

"Usimlaumu yeye," Chaza alisema. "Alinisitiri mimi."

"Sitiri gani hii?" Sauti ilimpasuka. "Kwani mimi ni nani kwenu?"

Dada yake alianza kulia kwa kelele, bila kujificha. Chaza hakumbembeleza. Alikaa anatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye shati lake kwenda kwenye simenti.

Jumatatu walikwenda ofisini wote watatu. Karani aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaonyesha karatasi. Ukaguzi ni mara moja kwa mwaka. Mashua kumi na moja alizokuwa akizisugua Chaza zilikwisha kugawiwa tangu Jumamosi mchana, na wenye mashua walikwisha kuarifiwa. Tena, alisema karani akishusha sauti kwa heshima, wengi wao walishukuru, maana walikuwa hawajui habari ya ugonjwa. Chaza aliuliza kama anaweza kupata kazi yoyote ya nchi kavu pale gatini. Karani akaandika jina lake kwenye daftari ambalo lilikuwa na majina mengi.

Mchomeleaji hakujua la kufanya, kwa hiyo alifanya analolijua. Jumanne alikuja gatini na mashine yake. Alifungua ngazi, akaichomelea miguu miwili chini, akaweka mshikio mrefu uliopinda juu, akaifunga tena kwenye matundu yale yale. Ilitokeza nje kwa vidole vinne hivi. Kwa kweli ilikuwa kama pua. Saa tisa alikuwa amemaliza.

"Zama, shem," alisema. "Nakuomba."

Chaza hakusema ana mafua. Alivua shati mwenyewe, kwa taabu, mbele ya kila mtu, na kila mtu aliyekuwepo akajifanya anatazama kwingine. Akashuka. Mashua ya jirani ilikuwa moja ya zile kumi na moja, na chini yake kulisikika mtu akikwangua, krr, krr, kazi ya haraka haraka isiyo safi.

Aliweka miguu kwenye kidato cha chini. Safari hii miguu ilibaki chini yake. Akanyoosha magoti, akainuka, akashika mshikio kwa mkono wa kushoto. Kidato cha pili. Cha tatu. Mkono wa kulia ulining'inia tu, haukuhitajika. Cha nne, akapitisha mguu juu ya ubao, akaingia. Haikuchukua hata dakika.

Mkewe alikuwa mbele ya mashua, ameketi, mikono juu ya magoti, ingawa hakuna aliyemwambia aiweke hapo. Mchomeleaji alikuwa gatini na spana mkononi, machozi yanamtoka.

Chaza alisimama katikati ya mashua, maji yakimtiririka, mwenyewe, kwa miguu yake. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Haya, nimepanda," alisema. "Sasa?"